Miaka Mitatu Kwenye Kamba ya Bendera

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandisha bendera ya taifa kichwa chini. Nilikuwa kidato cha pili, na kazi yenyewe sikuiomba. Nilipewa kama adhabu, kwa sababu Mwalimu wa Zamu alinikuta nyuma ya mstari nikiigiza anavyokohoa kabla ya kusoma matangazo. Akaniita mbele ya watu. "Simwinga," akasema, "kwa kuwa unapenda kutazamwa, kuanzia kesho shule nzima itakutazama." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Sasa nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Wahariri wa gazeti letu la ukutani wameniomba niandike machache kwa ajili ya vijana watakaoirithi kazi hii, nami nimekubali, maana tukiondoka sisi wazee mlingoti utabaki mikononi mwa watu wanaofunga kamba kama wanavyofunga viatu.

Basi, asubuhi ile ya kwanza nilivuta kamba kwa nguvu zote, bendera ikapaa, wimbo wa taifa ukaanza, na buluu ikawa juu na kijani chini. Kwa wasiojua, kijani ndicho kinachokaa juu, upande wa mlingoti. Walimu hawakuona, walikuwa wamefumba macho kwa uzalendo. Aliyeona ni mlinzi wa geti, Babu Sichone. Alisubiri wimbo uishe, mstari ukatawanyika, akaja taratibu na kirungu chake kwapani.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "hivyo ulivyoiweka ni kama tumevamiwa."

Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. Yeye alikuwa na miaka sabini na kitu, mimi nilikuwa bado sijaota ndevu, lakini kwake nilikuwa mzee mwenzake. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha kapi, kile kigurudumu kilicho juu kabisa ya mlingoti ambacho kamba hupita ndani yake, na jinsi ya kulisikiliza: likilia kama kifaranga, linataka grisi. Alinifundisha fundo la chini, linalokaza bendera ikivutwa na upepo na kufunguka kwa kidole kimoja. Alinifundisha kwamba bendera haigusi ardhi, hata kama wewe unaanguka. Na kila Ijumaa tuliifua, kwa sababu shule yetu iko Chapwa, kando ya barabara kuu, malori yanayokwenda mpakani yanapanga foleni mbele ya geti letu hata siku tatu, na moshi wake unaweza kuifanya bendera yote iwe ile rangi nyeusi ya katikati.

Halafu kuna filimbi. Hapa ndipo utamu wa kazi ulipo, na vijana mnisikilize vizuri. Kabla ya kupandisha au kushusha, unapuliza mara moja, ndefu. Kila anayeisikia anasimama pale alipo: mwanafunzi, mwalimu, bodaboda na abiria wake, mama mwenye beseni la ndizi, gari la mkubwa. Hakuna kutembea, hakuna kuongea. Bendera ikifika mwisho wake unapuliza tena, na dunia inaendelea. Mimi, ambaye nyumbani hata mbuzi hanisikilizi, nilikuwa nasimamisha barabara ya kimataifa mara mbili kwa siku.

Nakiri niliwahi kuyatumia vibaya madaraka hayo. Jioni moja nilipuliza wakati Mwalimu wa Nidhamu ameshaipeleka chapati mdomoni. Akabaki vile vile, mdomo wazi, chapati hewani, na mimi nikashusha bendera kwa utulivu mkubwa. Wenzangu walicheka mpaka kesho yake. Babu hakucheka. "Filimbi hiyo," akasema, "watu wanaitii kwa sababu wanajua haina mchezo. Ukiichezea mara mbili, ya tatu utapuliza peke yako." Sikuichezea tena.

Somo gumu kuliko yote lilikuwa nusu mlingoti, yaani bendera ya msiba. Nililifanya kwa amri kamili mwaka wangu wa kwanza kazini, alipofariki malkia wa nchi ya mbali. Barua ilikuja kupitia kwa Mtendaji wa Kata, ikiwa na muhuri, na Mkuu wa Shule, mama mpole anayeongea polepole mpaka unakiri makosa ambayo hata hajakuuliza, akanikabidhi kazi. Babu akanielekeza. Huivuti bendera hadi katikati na kuiacha. Kwanza inakwenda juu kabisa, inatulia, ndipo inateremka hadi nusu. Jioni ni hivyo hivyo: inarudi juu kwanza, ndipo inashuka.

"Kwa nini tunaizungusha hivyo, Babu?" nikamuuliza.

"Ukienda msibani unaingia kwanza mlangoni. Huchungulii dirishani ukalia."

Chapwa nzima hakuna aliyewahi kumwona yule malkia, lakini tulisimama vizuri, na mama mmoja muuza ndizi alitoa machozi kidogo kwa sababu, alisema, na yeye ni mama.

Miaka miwili ikapita. Nikapanda cheo kutoka mtu wa adhabu hadi Kiranja wa Bendera, mwenye beji. Ndipo ikaja wiki ya Mwene.

Mwene ni chifu wetu wa jadi, na huyu ninayemsema alikuwa wa upande wa Msangano, kule bondeni. Serikali haina cheo hicho kwenye makaratasi yake, lakini bibi yangu akisikia jina lake tu anatua kikombe cha chai kwanza. Jumatatu ile nilifika shuleni kabla ya watu, nikamkuta Babu amekaa kwenye kiti chake getini, kofia ya kazi iko gotini.

"Shikamoo Babu."

Hakuitikia. Baadaye akasema, "Mwene amelala."

Kwetu hatusemi Mwene amekufa. Nikaelewa. Alikuwa amelazwa hospitali huko Mbeya wiki kadhaa. Nikamwambia pole, nikabaki nimesimama, mkono wangu haujui uende wapi. Babu akautazama mlingoti.

"Yule malkia wa ng'ambo tulimshushia," akasema. Hakuniomba, hilo naliandika wazi ili asije akalaumiwa na mtu.

Mimi ndiye niliyekwenda kwenye kamba. Mstari ulipokaa nikapuliza filimbi, nikapandisha hadi juu kabisa, nikaiacha itulie, nikaishusha hadi nusu. Kazi safi, fundo safi. Hakuna aliyeniuliza. Wanafunzi walidhani walimu wanajua. Walimu walidhani Mkuu wa Shule anajua. Mkuu wa Shule, aliyechelewa kwa sababu ya foleni ya malori, aliikuta iko nusu akadhani barua imepita kwa makamu wake.

Tatizo ni kwamba mlingoti wetu ndio mrefu kuliko yote eneo letu. Mhudumu wa ofisi ya kata hana saa, siku zote anapandisha na kushusha kwa kututazama sisi. Alipoona tumeshusha nusu, naye akashusha. Zahanati wakaona kata imeshusha, wakashusha. Kituo cha mafuta wakazima muziki. Madereva kwenye foleni wakaanza kuzungusha redio, stesheni hii, stesheni ile, wote wanasikia matangazo ya sabuni. Mama mmoja wa Kizambia anayenunua mchele sokoni akapiga simu kwa wenzake upande wa pili wafunge mizigo haraka, maana mpaka wa nchi unaweza kufungwa. Saa tatu asubuhi Chapwa yote ilikuwa msibani, na hakuna aliyejua marehemu ni nani.

Mtendaji wa Kata alikuja na bodaboda, shati limefungwa vishikizo vibaya. Tulimsikia kutoka darasani.

"Mwalimu Mkuu, nani amefariki?"

"Nilidhani ninyi ndio mnajua."

"Sisi tumefuata shule."

"Na sisi shule," akasema Mkuu wa Shule, taratibu, "tumefuata bendera."

Ndipo nikasikia jina langu.

Ofisini nilisimama kwenye lile zulia dogo ambalo wengi wenu mnalifahamu. Mtendaji alikuwa kwenye simu nje, akimweleza mtu mkubwa kwamba hapana mheshimiwa, hajafa mtu, yaani kafa mtu lakini si mtu wa bendera.

"Nani alikupa amri, Simwinga?"

"Hakuna, madam."

"Unamwombolezea nani?"

"Mwene wa Msangano, madam."

Alivua miwani. "Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Ungekataa, madam."

"Ningekataa. Na ningekwambia kwa nini. Bendera ile si yangu, wala si yako, wala si ya Mtendaji. Ikishuka, nchi nzima inajua imefiwa. Leo umewapa watu msiba usio na jina. Wamebaki wanahesabu wazazi wao." Akafuta miwani. "Huyo Mwene, ulimjua?"

"Mimi hapana. Babu Sichone alimjua."

Akavaa miwani tena. Adhabu yangu ilikuwa kukata nyasi za uwanja na kunakili kanuni za bendera mara ishirini, kwa mkono, kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa ofisini kwake. Kazi sikunyang'anywa. "Jioni urudi kwenye kamba yako," akasema. "Hilo fundo hakuna mwingine anayelijua."

Tukairudisha bendera juu. Kituo cha mafuta kikawasha muziki.

Babu alipata aibu kuliko mimi. Alinikuta na fyekeo uwanjani, akachukua upande wa pili, tukafyeka wote. Ndipo aliponieleza. Ujana wake wote, kabla hajaja kulinda mageti mjini, alikuwa mbeba kigoda wa Mwene. Kila Mwene alikokwenda, yeye alitangulia hatua tatu mbele na kile kiti kidogo cha mti, maana Mwene hakai chini, na wala haulizi atakaa wapi. "Nilikuwa najua amechoka kabla yeye mwenyewe hajajua," akasema. "Naangalia bega la kushoto. Likishuka kidogo, naweka kigoda."

Maiti ingepita Jumatano jioni kutoka Mbeya kwenda Msangano, kwa barabara hii hii, mbele ya geti letu. Babu alikuwa amepiga simu kwa ndugu wa marehemu. Wakamwambia msafara hautasimama popote, lazima ufike usiku huo huo, kuna mambo ya kimila yanayosubiri. Kwenda kuzika hakuweza. Mlinzi mwenzake alikuwa amelazwa, na stoo ya shule ilikuwa na karatasi za mitihani ya majaribio. Geti likibaki wazi hata saa moja, hana kazi.

"Sasa utafanyaje, Babu?"

"Nitasimama hapo getini. Nitaona vumbi lake." Akafyeka kidogo. "Ningependa tu kumwambia kwaheri akiwa ametulia. Si akiwa anakimbizwa kama gunia la mpunga."

Usifikiri mimi ni mtu wa mipango. Jibu lilinijia nikiwa kwenye adhabu, kwenye nakala ya kumi na tatu, mkono umekufa ganzi. Kuna mstari pale kwenye kanuni unaosema bendera hupandishwa kwa haraka na kushushwa polepole, kwa heshima. Nilikuwa nimeuandika mara kumi na mbili bila kuusoma. Ile ya kumi na tatu nikausoma. Polepole. Haikuandikwa polepole kiasi gani.

Nusu mlingoti ni ya taifa, hiyo nimekubali. Lakini jioni ni yangu. Nikipuliza filimbi wakati Mwene anapita, barabara yote ya Chapwa itasimama wima, madereva, bodaboda, kata, wote, na yeye atapita katikati yao. Hakuna kanuni niliyoivunja. Babu sikumwambia, maana angekataa.

Tatizo lilikuwa saa. Bendera inashuka saa kumi na mbili, na msafara hauna ratiba. Nikamfuata Shabani, dereva wa lori kutoka Tanga, aliyekuwa siku ya tatu kwenye foleni na ameshakuwa jirani yetu, anaswalia kwenye kivuli cha ukuta wa shule. Nikamweleza.

"Huyo mzee wa getini?" akauliza. "Anayenichotea maji ya udhu?"

"Huyo huyo."

"Basi tulia, mdogo wangu." Akatoa simu. Rafiki yake alikuwa na lori bovu pale Nanyala, amekaa kando ya barabara tangu juzi hana la kufanya zaidi ya kuhesabu magari.

Jumatano saa kumi na nusu Shabani akaja kwenye uzio. "Wamepita Nanyala. Pikapu nyeupe mbele, kosta mbili za abiria nyuma. Wanakuja."

Saa kumi na mbili nilikuwa chini ya mlingoti, filimbi mdomoni. Barabarani hakuna kitu zaidi ya malori na pikipiki. Mhudumu wa kata amesimama kwenye mlingoti wake, ananitazama, anangoja. Dakika tano. Mwalimu wa Zamu akatoka ofisini, mkono kwenye saa.

"Simwinga, vipi?"

"Nakagua fundo, mwalimu."

Dakika kumi. "Bado unakagua?"

"Ni fundo gumu, mwalimu."

Akaanza kunijia. Nikamwona Mkuu wa Shule ametoka na kusimama kwenye ngazi. Akamwita Mwalimu wa Zamu, akamwuliza kitu kuhusu daftari la mahudhurio, na akaendelea kumwuliza. Hapo ndipo Shabani, juu ya lori lake, akavua kofia. Ndiyo ilikuwa ishara yetu.

Nikapuliza ndefu kuliko zote nilizowahi kupuliza.

Bodaboda wakakanyaga breki. Mama wa ndizi akatua beseni. Shabani akazima injini, na dereva aliyekuwa nyuma yake akazima, na wa nyuma yake, mpaka ukimya ukaenda huko nisikoona. Sijawahi kuisikia Chapwa bila injini hata moja. Kuna ndege kumbe. Wakasimama wote kando ya magari yao, mikono chini, na pikapu nyeupe ikatokea kwenye kona na jeneza lililofunikwa kwa blanketi jipya.

Nikaanza kushusha. Na ile pikapu ikasimama.

Hili sikuliwaza. Mimi nilitaka barabara imsimamie Mwene. Nilisahau kwamba dereva wake naye ana masikio. Alisikia filimbi, akaona bendera inashuka, akafanya kama walivyofanya wote. Msafara ambao hausimami popote ukasimama mbele ya geti letu, jeneza hatua nne kutoka kwa Babu Sichone.

Babu alikuwa wima, mkakamavu, kofia kichwani, kama kanuni inavyotaka. Akalitazama jeneza. Kisha akavua kofia, akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na kile kiti chake cha mlinzi, cha plastiki, chenye mguu uliofungwa waya. Akakiweka chini kando ya pikapu, taratibu, akakigeuza kidogo kikatazama Msangano. Halafu akarudi nyuma hatua tatu, akachuchumaa, akapiga makofi, viganja vimekunjwa, vile wazee wanavyomwamkia Mwene.

Barabara yote ilikuwa kimya, kwa hiyo kila kofi lilisikika. Ukituondoa sisi wa bendera, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anatikisa mikono Chapwa nzima. Kisha ndani ya kosta ya kwanza wakaanza kumwitikia, makofi yale yale, kwa sauti ya chini.

Mimi nilikuwa na kamba mkononi. Bendera ilikuwa imefika nusu, na nawaapia sikupanga, ni pale tu ilipokuwa imefika. Nikaisogeza chini upana wa kidole kimoja. Kingine. Babu alikuwa anaongea sasa, kwa Kinamwanga, sauti ya mtu anayemwambia mwenzake mambo ya nyumbani. Sikutaka kusikiliza, nikahesabu nyuzi za kamba. Mabega yakaniuma. Kila alipovuta pumzi nilidhani amemaliza, akaendelea, nami nikaishusha bendera unyoya mmoja tu. Mhudumu wa kata, maskini, alikuwa ananifuata kidole kwa kidole.

Babu akamaliza. Akasimama, akachukua kiti chake, akavaa kofia. Bendera ikanifika mikononi, nikaikumbatia isiguse chini, nikapuliza filimbi ya pili. Haikutoka vizuri. Pikapu ikaondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na haikuongeza mwendo mpaka ilipopita lori la mwisho.

Mkuu wa Shule alinisubiri ngazini, nikamfikia bendera ikiwa imekunjwa kifuani kwangu.

"Umechukua muda mrefu sana leo."

"Ilikuwa nzito, madam."

Akanitazama. "Andika kwenye daftari la zamu kwamba kapi linahitaji grisi."

"Linahitaji, madam?"

"Halihitaji. Andika."

Nimestaafu wiki iliyopita, kwa sababu ya mtihani wa taifa, ambao wahenga wa kidato cha nne hatuna budi kuukabili. Beji nimemwachia Neema wa kidato cha pili, msichana makini kuliko mimi, ambaye siku yake ya kwanza aliweka kijani juu bila kuambiwa, jambo ambalo limeniudhi kidogo. Nimemfundisha kapi, fundo, sabuni ya Ijumaa. Nimemwambia nusu mlingoti ni amri, na asithubutu bila barua. Na nimemwambia kabla hajapuliza filimbi ya jioni atazame kwanza barabara, aone nani anapita.

Jioni yangu ya mwisho nilishusha kwa mwendo wa kawaida. Malori yamesimama, watu wamesimama, na Babu Sichone getini, wima. Bendera ilikuwa imefika kama nusu hivi aliponiita, katikati ya ukimya, mbele ya walimu wote, yeye aliyenifundisha kwamba wakati huo hata kikohozi kinamezwa.

"Polepole, mzee mwenzangu," akasema. "Leo unapita wewe."